Kutazama ndege wahamiaji Kunduchi: namna ya kuongoza matembezi

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Aprili, tope na mchanga wa pwani ya Dar es Salaam hujaa ndege waliokimbia baridi ya kaskazini. Baadhi yao wamezaliwa Siberia, kwenye ardhi inayofunikwa na theluji sehemu kubwa ya mwaka. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuwapeleka watu wachache, iwe familia, wanafunzi au majirani, wakawaone ndege hao vizuri bila kuwasumbua. Natumia Kunduchi, lakini unaweza kufuata hatua hizi hata Ununio au Mjimwema kule Kigamboni.

Hatua ya 1: Panga siku kwa kufuata maji

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ndege hawa hula maji yakipwa na hupumzika yakijaa, iwe usiku au mchana. Ukienda kwa sababu tu ni Jumamosi, unaweza kukuta bahari imefika kwenye mikoko na hakuna wa kumtazama.

Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupwa kabisa kama saa 4 au 5 asubuhi. Wengi huamini huo ndio wakati bora. Mimi sikubaliani nao. Maji yakitoka sana, ndege huyafuata mbali, nawe unabaki kutazama nukta zinazotembea. Tena pwani yetu inaelekea mashariki, hivyo asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege anaonekana kama kivuli.

Chagua siku ya nne au ya tano baada ya mwandamo au mpevu. Kwa kuwa maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku, siku hizo hupwa kama saa 7 au 8 mchana, na kufikia saa 10 yanarudi. Yakirudi, yanawasogeza ndege kidogo kidogo hadi karibu nawe, na jua liko mgongoni mwako. Hakikisha kwenye jedwali la maji la Dar es Salaam, kisha muulize mvuvi.

Hatua ya 2: Piga hodi kabla

Nenda peke yako siku moja kabla. Shuka Mtongani, chukua bajaji hadi pwani, uwasalimie wazee wa pale sokoni kwa wavuvi. "Shikamoo mzee, kesho nitakuja na wageni kutazama ndege" inatosha kuanzisha mazungumzo. Ongea pia na serikali ya mtaa au kikundi cha BMU, yaani wanakijiji wanaosimamia rasilimali za uvuvi pwani. Ukifahamika, kundi lako litakuwa salama zaidi, na utaelezwa tope liko wapi na kina kirefu kinaanzia wapi. Wavuvi wanawajua ndege hawa kwa namna yao: wakiona membe wanajitupa majini, wanajua pana dagaa.

Waambie wageni mapema wasielekeze darubini wala kamera kwenye kambi za jeshi, nyumba za watu, au akina mama wanaochokoa pweza.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini za 8x42 zinafaa: 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi kwa milimita. Moja kwa watu wawili inatosha. Vaeni viatu vya kufunga, maana kandambili hubaki kwenye tope. Bebeni maji ya kunywa na kofia. Watu wasizidi 8.

Hatua ya 4: Simameni

Tafuta sehemu kavu mbele ya maji yanayopanda, upange watu wako mstari mmoja, mtulie. Usiwafuate ndege. Wakiacha kula, wakainua vichwa na kusogeleana, mmeshakaribia mno, kwa hiyo rudini nyuma taratibu. Kila wanaporushwa wanapoteza nguvu na muda wa kula, na mafuta wanayoweka mwilini ndiyo yatakayowafikisha kaskazini.

Hatua ya 5: Anza na mlo, jina baadaye

Wageni huuliza jina kwanza. Waambie watazame anavyokula.

Anayekimbia mbele ya wimbi na kulifuata likirudi, mweupe na mwepesi, ni Calidris alba (hili na mengine ya aina hii ni majina ya kisayansi). Anayepindua mawe na mwani ni Arenaria interpres. Anayekimbia, akasimama ghafla, akadonoa, huwinda kwa macho. Mkubwa wa tabia hiyo, mwenye rangi ya kijivu, ni Pluvialis squatarola, na akiruka utaona makwapa meusi. Anayechoma tope mfululizo kwa mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini ni kitwitwi Calidris ferruginea. Sululu utamjua mara moja kwa ukubwa wake na mdomo mrefu uliopinda.

Mkibahatika mtamwona Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na maeneo ya jirani, ambako huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Tazameni kwa makini kama kuna kinda wa kijivujivu anayemfuata mkubwa akiomba chakula, kwani wazazi huendelea kuwalisha hata huku. Kwangu hakuna tukio zuri kuliko hilo kwenye pwani yetu.

Hatua ya 6: Hesabuni na kuandika

Hesabu ndege 10 mmoja mmoja, kariri ukubwa wa kundi hilo, kisha pima kundi zima kwa makumi. Andika tarehe, saa, hali ya maji na idadi, halafu weka kwenye eBird, programu ya kuhifadhi kumbukumbu za ndege. Takwimu hizi zina kazi: mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, iliwaingiza Pluvialis squatarola na Calidris ferruginea kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka, na uamuzi wa aina hiyo hutegemea hesabu za watu waliosimama ufukweni kama ninyi.

Hatua ya 7: Kuondoka

Ondokeni kabla maji hayajafika mlipopita kuja, na kabla ya giza. Kama una nafasi ya kuongoza mara moja tu kwa msimu, nenda mwishoni mwa Machi, masika hayajakolea. Wakati huo vitwitwi wengi wameanza kubadili manyoya, na Calidris ferruginea anakuwa mwekundu kama tofali kabla ya kuondoka.