Darubini ya bei nafuu kwa mtembeza watalii wa Pemba

Kila kijana anayeanza kutembeza wageni msitu wa Ngezi au kwa popo wa Kidike huniuliza jambo moja: "Ami, ninunue inayovuta mara ngapi?" Namjibu mara nane, na hapo uso unamshuka. Keshaona Darajani vidarubini vya mfukoni vilivyoandikwa 30x60, tena kwa bei ya kitoweo, sasa hiyo mara nane anaiona dharau. Basi tuanzie kwenye namba, maana hapo ndipo pesa za watu zinapoliwa.

Darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili, tuseme 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na hiyo ndiyo ya kuitazama wewe. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 unapata 5.25. Huo ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni mwako. Mboni ya jicho juani hubana ikabaki milimita 2 au 3. Gizani ya kijana hutanuka mpaka kama 7, na sisi wenye mvi tunashukuru tukifika 5. Sasa chukua ile ndogo ya 10x25. Inakupa 2.5. Mchana kweupe pale ufukweni Vumawimbi haina neno, utaona ngalawa vizuri. Ingia nayo Ngezi chini ya mivule saa kumi na mbili asubuhi, ninga yuko juu ya tawi na wewe unaona kitu cheusi tu. Na mgeni amelala Konde kwa ajili ya ndege huyo, maana ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na yule babewatoto (bundi) mdogo wa Pemba hawapatikani pengine popote duniani.

Tena kinachovuta sana huvuta na mtetemeko wa mkono wako. Mara 10 mtu mwenye mkono mtulivu ataimudu. Kupita hapo bila ya kiegemeo, picha inachezacheza, na kadiri inavyovuta ndivyo eneo unaloliona linavyozidi kuwa dogo. Chozi hatulii kwenye ua akusubiri umtafute. Kwa anayepeleka wageni Misali kwa boti, mimi ningesema hata mara 7 inatosha. Mabaharia hawakuchagua 7x50 kwa ujinga.

Na zile 30x60? Nenda dukani na rula. Pima lenzi ya mbele. Imeandikwa 60 na rula inasoma 20 na kitu, irudishe kabatini na usiulize bei. Kadhalika zile zenye kijiti cha kubadilisha ukuzaji, mara 10 mpaka 30: katika bei za chini zina giza, na mitambo yake ya ndani hulegea upesi ukaona vitu viwili viwili.

Ukiwa bado hapo dukani, fanya haya mengine matatu. Inyooshe darubini mbali na uso wako, uielekeze kwenye mwanga wa mlango (si kwenye jua!), utazame vile viduara vya mwanga kwenye vioo vya nyuma. Viwe mviringo kamili. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatika kama pembe za mraba, prizimu, yaani vile vioo vya ndani vinavyogeuza mwanga, ni za kioo cha daraja la chini. Zile nzuri huandikwa BaK-4. Kisha igeuze, utazame taa inavyojiakisi kwenye lenzi ya mbele. Ukiona mng'ao wa kijani au zambarau uliofifia, lenzi imepakwa dawa ya kupunguza mwako. Mng'ao mweupe kama wa dirisha, haikupakwa. Zile lenzi nyekundu kama rubi, wanazosifu kwamba ni za usiku, ni urembo tu na zinaharibu rangi. Kwa mtu wa ndege ni hasara tupu.

La tatu ndilo la maana zaidi. Toka nje, tazama ncha ya paa la mbali, lile la mabati lililonyooka. Tazama kwa macho yote mawili, halafu sogeza darubini taratibu mbali na uso huku ukiendelea kutazama. Ule mstari wa paa usiachane ukawa miwili, mmoja juu mmoja chini. Ukiachana, mirija miwili ya darubini haitazami pahala pamoja, na mgeni wako atashikwa na kichwa kabla hamjafika katikati ya msitu. Kulitengeneza hilo huku kwetu hakuna fundi ninayemwamini.

Niliwahi kuulizwa na kijana mmoja wa Wete aliyeona darubini ya bunduki ya shabaha, 3-9x40, inauzwa rahisi, kama haiwezi kumfaa kwa ndege. Hesabu yake ni ileile: ukiivuta mara 9 na lenzi ya 40 unapata 4.4, si mbaya. Lakini ni ya jicho moja, na imetengenezwa jicho likae mbali nayo karibu sentimita 8 au 9, bunduki isije ikampiga mlengaji usoni. Nyingi za bei nafuu pia zimefungiwa umbali mmoja, yadi 50 kwa bunduki ndogo za .22, yadi 100 kwa nyingi za bunduki kubwa. Ndege wa mita tano hutampata sawasawa. Na pale bandarini Mkoani utawaeleza askari ni ya nini mpaka boti ikuache.

Bei sasa. Kwa shilingi laki mbili na nusu hivi mpaka laki nne, ukipata mtu wa kukuletea kutoka nje, unapata kitu cha kazi. Nikon Aculon 8x42 ina picha safi kwa pesa yake, ila haikuzibwa maji, na mvaa miwani itamsumbua kwa sababu jicho linatakiwa likae milimita 12 tu kutoka kwenye kioo. Mwenye miwani anahitaji 15 au zaidi. Celestron Nature DX 8x42 inapanda bei, lakini imezibwa, ina BaK-4, na inashika kitu kilicho mita 2 tu mbele yako, chozi kwenye mgomba wa uani. Zote mbili hizi za daraja la chini zina kasoro ya kuonesha ukingo wa zambarau, popo wa Kidike akiruka mbele ya mbingu nyeupe. Usijali. Mgeni anatazama yale mabawa, hatazami ukingo.

Mimi kati ya picha nzuri zaidi na kuzibwa vizuri zaidi, huchagua kuzibwa, na sababu yake ni koga. Hewa yetu ni ya maji na hari, masika haikauki kitu, na koga hupenda kioo kilichokaa gizani ndani ya mkoba. Huota kama nyuzi za buibui, hutoa asidi, na ile dawa ya lenzi inaliwa. Baada ya hapo hata ukisafisha, alama imebaki. Darubini iliyojazwa naitrojeni na kufungwa kwa mipira haiingizi unyevu ndani, japo nje bado koga inaweza kuota. Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, mulika tochi kutoka mbele na uchungulie kwa nyuma: ukiona nyuzi, iache hata kama ni ya Kijapani ya zamani na muuzaji anaapa.

Nyumbani usiiweke kwenye mkoba wake wa ngozi. Iweke kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vikishalowa. Ukitoka baharini ifute chumvi kwa kitambaa kibichi cha maji yasiyo na chumvi. Lenzi usiifute kwa ncha ya shati wala kanga hata siku moja: mchanga wa pwani unakwaruza. Puliza kwanza, brashi laini, ndipo upige pumzi ufute.

Wa kutazama mwezi mwandamo, 10x50 iegemezwe ukutani ndiyo ningeichagua. Lakini mpaka jua lizame lote. Jua kupitia darubini hupofua.

Ukiipata, ifanye ya kwako. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione safi. Funga la kushoto, zungusha pete ya kioo cha kulia mpaka nalo lione safi. Pete hiyo itie nukta ya rangi ya kucha, maana kila mgeni ataizungusha kwa macho yake. Akikurudishia, rudisha pete kwenye nukta kabla hujaivaa tena shingoni.