Kuazima alama za vinasaba kwa ndugu wa mpapindi

Mpapindi, mti wa jamii ya mnazi uitwao kisayansi Dypsis pembana (siku hizi pia Chrysalidocarpus pembanus), ni wa Pemba. Ndugu zake wengi wako Madagaska. Kupima utofauti wa miti ya Ngezi, msitu wa kaskazini mwa Pemba, hakuhitaji alama mpya: azima mikrosatelaiti za ndugu, yaani vipande vya DNA vyenye herufi zinazojirudia-rudia. Kuazima huko kuna masharti.

1. Tafuta jozi 20 za praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoshika pande mbili za alama ili inakiliwe. Tangulia na za Dypsis na Chrysalidocarpus wengine, kisha za mnazi na mchikichi. Undugu ukiwa mbali jozi nyingi hugoma, maana mahali praima inaposhika pameshabadilika.

2. Pata kibali cha idara ya misitu, ndipo ukate majani. Chukua ukuti mchanga, urefu wa kidole, ufute kuvu, uchane vipande vyembamba. Tia ndani ya karatasi ya majani ya chai, fukia kwenye silika jeli yenye uzito mara 10 wa jani. Kesho yake livunje: likialika, limekauka. Likipinda tu, badilisha silika papo hapo. Masika ya Pemba huishibisha unyevu upesi. Jani lililogeuka kahawia litupe, DNA yake imekatika-katika. Acha mita 20 au zaidi baina ya mti na mti, kwani mbegu nyingi huanguka chini ya mama na utapima familia moja ukidhani ni msitu mzima.

3. Toa DNA kwa CTAB (sabuni ya kupasua seli) yenye PVP (ya kunasa kemikali za jani zinazochafua DNA), nyuzi 65, saa moja. Punguza hadi nanogramu 10 kwa mikrolita.

4. Endesha PCR, yaani kunakili alama mara nyingi, ya mikrolita 10. Anza na joto la kushika (ambalo praima hushika DNA) lililo nyuzi 5 chini ya lile la ndugu, upande nyuzi mbili mbili. Kila safari weka miti minane ya mpapindi, mti wa ndugu aliyeazimwa alama, na kichupa cha maji bila DNA. Ndugu akitoa mstari kwenye jeli (dalili kwamba DNA imenakiliwa) na mpapindi usitoe, huenda kosa ni la praima. Wote wakinyamaza, chunguza mchanganyiko. Maji yakitoa mstari, tupa vyote: kuna uchafu.

5. Mstari kwenye jeli hautoshi. Soma mfuatano wa herufi za DNA wa miti miwili mitatu, uone kama marudio, mfano CACACA, bado yapo.

6. Hapa ndipo wengi huanguka. Alama ikionyesha miti mingi mno yenye aleli (toleo la alama) moja, usikimbilie kusema inazaana ndugu kwa ndugu. Huenda aleli ya pili ipo, praima haikuishika. Linganisha na alama nyingine. Ikiwa ni moja tu inayosema hivyo, iondoe au ichoree praima mpya.

Wala usiseme mpapindi ni maskini kuliko ndugu yake kwa sababu una aleli chache. Alama zile zilichaguliwa kwa kuwa zinatofautiana sana kwa ndugu. Kwa ndugu huyo lazima zing'are zaidi. Linganisha mpapindi kwa mpapindi, kona hii ya msitu na ile, na mbegu za kitalu zitoke kwenye miti mama yenye aleli zisizofanana, pamoja na ile yenye aleli adimu.