Somo: Wanga na mafuta, siku ya mazoezi na siku ya mapumziko

Naona wengi mnakata ugali kabisa siku ya mapumziko, halafu kesho yake mnaingia kubeba vyuma miguu haina nguvu. Hakuna sababu ya kujitesa hivyo. Wanga unapungua siku hiyo, hauondoki. Chukueni kalamu tupige hesabu ya mwanamume wa kilo 70, sentimita 172, miaka 30, anayefanya mazoezi siku 4 kwa wiki na anataka kubaki na uzito wake.

Hatua ya 1: Kalori za wiki nzima. Kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor, uzito zidisha kwa 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Huyu wetu: 700 + 1,075 − 150 + 5 = 1,630. Hizo ni za mwili ukiwa umetulia tu. Kwa mtu wa kazi ya kukaa mwenye siku 4 za mazoezi mimi huzidisha kwa 1.5, inakuja kama 2,450 kwa siku, yaani 17,150 kwa wiki.

Hatua ya 2: Gawa. Siku ya mazoezi mpe 2,600. Mara 4 ni 10,400. Zinabaki 6,750 za siku 3, kila moja 2,250.

Hatua ya 3: Protini haiguswi. Gramu 1.8 kwa kila kilo ni gramu 126, siku zote 7. Gramu ya protini ina kalori 4, kwa hiyo ni kalori 504.

Hatua ya 4: Mafuta. Siku ya mazoezi gramu 0.8 kwa kilo, yaani 56. Siku ya mapumziko 1.1, yaani 77. Gramu ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo ni kalori 504 na 693.

Hatua ya 5: Zinazobaki zote ni za wanga, nao una kalori 4 kwa gramu. Siku ya mazoezi: 2,600 − 504 − 504 = 1,592, sawa na gramu 398. Mapumziko: 2,250 − 504 − 693 = 1,053, sawa na gramu 263.

Sasa twende jikoni, maana hesabu nyingi huharibikia huko. Tofauti ya wanga ni gramu 135, ambazo ni kama gramu 170 za mchele mkavu. Pima mchele kabla haujaingia sufuriani: gramu 100 za mchele mkavu zina wanga kama 80, lakini gramu 100 za wali ulioiva zina kama 28 tu. Unga nao upime kabla ya kusonga, kwa sababu ugali laini na ugali mgumu havibebi maji sawa.

Tofauti ya mafuta ndiyo ndogo kuliko mnavyodhani: gramu 21, kijiko kimoja na nusu cha chakula. Ukiunga mchicha kwa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, tofauti yote imeishia kwenye kikaango kabla hujagusa tui wala karanga. Nawasihi, kijiko kikae kando ya jiko.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, nyumbani tunakula sufuria moja na mama ndiye mpishi. Mafuta nitayapimaje?
Usimbughudhi mama. Angalia chupa inakaa siku ngapi. Lita moja ina takriban gramu 920. Mkiwa watu 5 na inaisha kwa siku 7, kila mmoja anakula kama gramu 26 kwa siku. Kisha ongeza ya mayai, nyama na maziwa. Parachichi na karanga viweke siku ya mapumziko, hivyo viko mikononi mwako.

Asalaam aleikum kocha. Ramadhani nafanya mazoezi baada ya tarawehe. Siku naihesabu kutoka wapi?
Wa aleikum salaam. Hesabu kutoka futari hadi daku. Wanga mwingi uwe kwenye futari na mlo wa baada ya mazoezi. Daku upe protini, mafuta kidogo na maji ya kutosha.

Asubuhi ya baada ya siku ya mazoezi mizani inapanda hadi kilo nzima. Nanenepa?
Hapana. Misuli huhifadhi wanga kama glikojeni, na kila gramu hukaa na maji kama gramu 3. Jipime kila asubuhi, linganisha wastani wa wiki na wiki.

Nina kisukari, nachoma insulini. Naweza kufuata mpango huu?
Usianze kabla ya kumwona daktari wako, dada. Kipimo cha insulini huenda na wanga unaokula, na mazoezi yenyewe hushusha sukari. Ukipunguza wanga bila kurekebisha sindano, sukari inaweza kushuka vibaya. Mpelekee daktari karatasi yako ya hesabu, mpange naye.