Kabla hujaenda kupima sukari

Baba yangu mkubwa alikuwa akilala na dumu la maji la lita 5 kando ya kitanda, na kukipambazuka limekwisha. Tukasingizia joto la Tanga. Kumbe dalili nyingine ilikuwa chooni: kila alipokojoa, sisimizi walijaa pale pale. Sukari ya damu ikishapanda sana, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini. Inayobaki hutoka na mkojo na kuvuta maji. Ndiyo maana mtu hukojoa mfululizo na kiu yake haikatiki.

Basi kabla ya kwenda kituo cha afya, jiangalie siku mbili tatu na uandike. Usiku unaamka kwenda chooni mara ngapi? Nguo zimekupwaya ilhali unakula kama kawaida? Macho yana ukungu? Andika pia kidonda kisichofunga, ganzi ya nyayo, na fangasi wa sehemu za siri wanaorudi kila dawa ikiisha. Hilo la mwisho watu huliona aibu, nami naomba ulitaje bila kuficha. Mwenye kitambi, mwenye mzazi mgonjwa wa sukari, au mama aliyewahi kupanda sukari akiwa mjamzito asingoje dalili, kwa sababu wengi hawazioni kwa miaka.

Ukiambiwa uende hujala, kula mara ya mwisho saa 4 usiku, upime saa 1 au 2 asubuhi. Maji matupu ruksa. Chai acha, hata ya rangi. Jibu likiwa 7.0 mmol/L au zaidi, hicho ni kisukari, ila kama huna dalili kipimo hurudiwa siku nyingine. Likiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado si kisukari, na unaweza kukizuia kwa kupunguza uzito na kutembea kila siku.

Kwa mtoto, yote hayo ya kuandika na kulala njaa yaache. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, anakonda na kugombania maji, apimwe leo hii. Akitapika, akihema kwa nguvu, pumzi ikanukia kama matunda yaliyoiva mno, mkimbize hospitali hata kama ni usiku wa manane. Wengi hudhani ni malaria. Akipimwa malaria, omba na sukari ipimwe papo hapo: ni tone moja la damu ya kidole.