Kuandaa boti ya kukodisha ya uvuvi wa bahari kuu: kutoka jioni ya kuamkia safari hadi mgeni wa mwisho kushuka

Mwongozo huu ni wa manahodha na mabaharia wa boti zinazotoka Watamu, Malindi na Shimoni kufuata sulisuli, jodari na nguru: boti ya futi 28 hadi 33, mashine mbili za petroli, nahodha, mabaharia wawili na wageni wanne. Swali linaloongoza maandalizi yote ni hili: mashine zote mbili zikizima saa sita mchana, utakuwa wapi, na utakuwa na nini mkononi? Nje ya mwamba kina huporomoka upesi, nanga haigusi chini. Kusi, upepo utokao kusini, likivuma, mkondo wa pwani hii hukimbilia kaskazini na huweza kupita noti 3, yaani maili 3 za baharini kwa saa. Muda wa saa tano bila mashine ni maili 15 kuelekea Lamu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mafuta jioni

Usikadirie kwa macho wala kwa geji, maana geji za boti hudanganya, hasa boti ikiinama. Tumia kijiti cha kupimia na daftari la matumizi ya boti yako mwenyewe. Tuseme unakwenda saa moja na nusu kwa lita 50 kwa saa (75), unavuta chambo saa sita kwa lita 18 kwa saa (108), kisha unarudi (75). Jumla ni lita 258. Kiasi hicho kisizidi theluthi mbili za mafuta uliyobeba, kwa hiyo tangi liwe na lita 387 unapong'oa nanga. Theluthi iliyobaki si ya kumfukuzia jodari. Ni ya kurudi dhidi ya upepo ulioongezeka, au kwa mashine moja, ambapo boti haipandi juu ya maji na hula mafuta mengi kwa kila maili.

Fungua bilauri ya chujio linalotenganisha maji na mafuta, mimina kwenye chupa safi, subiri dakika tano. Maji hukaa chini. Ukiona zaidi ya kifuniko cha soda, mwaga tena na ukague mfuniko wa tangi, kwani raba yake huchakaa kwa jua. Beba chujio la akiba na spana yake. Chujio bila spana ni mzigo tu.

Hatua ya 2: Ijaribu pampu ya ngama kwa maji, si kwa swichi

Hapa ndipo boti nyingi zinaponea au zinapozama, na ndipo watu wanapopita haraka. Kubonyeza swichi na kusikia pampu ikinguruma hakuthibitishi kitu. Mimina ndoo mbili za maji kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, maji yanapojikusanya. Floti, ile swichi inayoelea, inyanyuke yenyewe, pampu iwake yenyewe, maji yatoke ubavuni kwa mchirizi mnene, kisha ijizime. Isipowaka, mara nyingi utakuta kipande cha mshipi kimezunguka floti, au grisi imeigandisha. Mchirizi ukiwa mwembamba, chomoa kichujio cha chini: karatasi za pakiti za chambo, magamba na vipande vya plastiki hujaa humo.

Angalia waya. Kiungo kilichofungwa kwa tepu ya kawaida huoza ndani na kugeuka kijani huku nje kikionekana kizima. Floti iunganishwe na betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake, isipitie swichi kuu. Vinginevyo boti iliyoachwa imezimwa usiku hujaa maji pale pale ilipofungwa.

Na usiiamini namba iliyoandikwa kwenye pampu. Mpira wa maji wa milimita 38 ukichomoka nusu mita chini ya usawa wa maji huingiza zaidi ya lita 120 kwa dakika, yaani zaidi ya 7,000 kwa saa. Pampu iliyoandikwa 7,000 haitoi kiasi hicho ikilazimika kuyapandisha maji hadi ubavuni. Kwa hiyo kila tundu linalopita kwenye mwili wa boti liwe na kabari ya mti laini iliyofungwa kwa kamba kando yake, na kila mpira ufungwe klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Hatua ya 3: Vifaa vya kuokolea, mahali pa kuvifikia

Jaketi moja kwa kila mtu, mabaharia nao wamo. Kwa bahari ya nje chagua ya nguvu ya nyutoni 150, ambayo humgeuza uso juu hata aliyezimia. Ya mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, na lazima iwe na mkanda wa kupita mapajani, la sivyo humvuka kichwani. Jaketi zilizofungiwa chini ya masanduku ya barafu huhesabiwa kuwa hazipo.

Redio ya VHF: ijaribu kwa nguvu ya wati 25. Mawimbi yake huenda mstari wa macho, kwa hiyo boti mbili zenye antena za mita 3 husikiana maili 7 au 8 tu za baharini. Kituo chenye mnara mrefu nchi kavu husikia mbali zaidi. Simu si mbadala wa redio. Beba pia kifaa cha ishara ya dharura ya setilaiti cha 406 MHz kilichosajiliwa kwa jina la boti, fataki za ishara ambazo tarehe yake haijapita, kioo cha kumulikia, na tochi mbili. Ongeza nanga ya kuelea, ile ya kitambaa kama mwavuli, na kamba yake ya mita 60. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, mbali na soda na barafu.

Acha karatasi kwa mtu wa pwani: majina, idadi, eneo, saa ya kurudi, na saa ambayo akiona kimya apige simu kituo cha uokoaji cha Mombasa. Saa hiyo iandikwe. "Tukichelewa sana" haina maana kwa anayesubiri.

Hatua ya 4: Alfajiri, kabla ya ufunguo

Fungua mfuniko wa chumba cha mashine na unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani. Washa feni ya kutolea hewa dakika 5 kabla ya kuwasha mashine, na hata baada ya feni, nusa tena. Mashine ikiwaka, tazama mchirizi wa maji ya kupoza: ukiwa dhaifu au wa moto, mfuko wa plastiki umeziba njia au impela imekatika mapanga. Usitoke ukisema utaangalia huko mbele.

Wageni waelezwe kabla ya kufungua kamba, kwa dakika tatu: jaketi ziko wapi, redio inabonyezwaje, nani anaamuru, na kwamba samaki akifika ubavuni hakuna anayesogea nyuma kupiga picha. Mwenye kichefuchefu cha bahari ameze dawa saa moja kabla, si baada ya kuanza kutapika.

Hatua ya 5: Mlangoni

Mlango ni upenyo wa kupitia kwenye mwamba. Kutoka ni rahisi, kurudi ndiko kugumu. Pwani hii inaelekea mashariki, hivyo alasiri unarudi jua likiwa usoni na huoni mwamba. Weka alama za njia kwenye GPS asubuhi unapotoka. Bamvua hufika karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Maji yakitoka kwa nguvu yakikutana na kusi, mawimbi huvunjika mlangoni. Subiri nje yajae. Ukilazimika kuingia, panda mgongoni mwa wimbi moja na ukae hapo. Ukilipita, omo, yaani pua ya boti, huchimba na boti hugeuka ubavu.

Kumbuka pia mipaka: ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968, hakuna kuvua.

Hatua ya 6: Mishipi na mkono wa baharia

Breki ya rili ipimwe kwa mizani, si kwa kuvuta kwa mkono: theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 24, breki kilo 8. Mgeni aliyejifunga mkanda kwenye rili awe na baharia nyuma yake anayeshika mkanda huo, kwani rili ikikwama samaki humvuta pamoja na fimbo.

Anayeshika lida, kile kipande kinene cha mwisho, avae glavu. Aizungushe mkononi mara moja au mbili, kiganja kikiwa wazi, zamu ya pili isilale juu ya ya kwanza. Zamu zikipandana, lida hujifunga yenyewe na samaki akizama haiachii. Hivyo ndivyo mtu anavyovutwa majini. Akiona samaki anageuza kichwa, aachie, hata ikiwa samaki atapotea. Nyuma yake pasiwe na mzunguko wa lida sakafuni, na kisu kiwe kiunoni mwa baharia wa pili.

Ndoana ikimchoma mtu, kata lida kwanza. Samaki bado anavuta.

Mtu akianguka: mmoja amnyooshee kidole bila kuondoa macho, mwingine arushe boya, nahodha abonyeze alama kwenye GPS. Vuta au kata mishipi yote kabla ya kugeuka, la sivyo itajifunga kwenye rafadha. Mkaribie ukiwa umeelekeza omo upeponi, na uzime mashine kabisa anaposhika boti.

Hatua ya 7: Mashine zikizima

Shusha nanga ya kuelea kutoka omo mara moja, kabla ya kufungua mfuniko wowote. Omo litakabili mawimbi na boti itapungua kasi ya kuchukuliwa. Wote wavae jaketi. Kama kuna hatari ya maisha, chaneli ya 16: Mayday mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali kwa namba za GPS, shida, idadi ya watu. Mashine zimezima tu bila hatari: Pan-Pan mara tatu badala yake. Kisha ndipo utafute chanzo: kamba ya kuzimia mashine imechomoka? Tundu la hewa la tangi limeziba? Chujio lina maji? Mara nyingi ni moja kati ya hayo matatu.

Mkirudi salama, mpigie yule mwenye karatasi kabla hata ya kupima samaki.