Domeni kadhaa za kampuni, seva moja ya barua pepe: Postfix na Dovecot

Nachukulia Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayohifadhi visanduku na kuwaruhusu watu kuvisoma) tayari zinakufanyia kazi kwa domeni moja. Sasa unataka info@example.com na info@example.org viwe visanduku viwili visivyojuana.

1. Jina la seva ni moja tu. Tuseme mail.example.com. Rekodi za MX (zinazotaja seva ya kupokea barua) za domeni zote zielekezwe huko, cheti cha TLS kiwe cha jina hilo, na PTR ya anwani ya IP (rekodi inayogeuza IP kuwa jina) irudishe jina hilohilo. PTR hupangwa kwa aliyekukodisha seva, si kwenye DNS yako.

2. Tenganisha domeni katika main.cf, faili la mipangilio la Postfix:

```
mydestination = localhost
virtual_mailbox_domains = example.com, example.org
virtual_mailbox_maps = hash:/etc/postfix/visanduku
virtual_transport = lmtp:unix:private/dovecot-lmtp
```

Domeni isikae kwenye mydestination na virtual_mailbox_domains kwa pamoja. Mimi niliwahi kuiacha kote kuwili: Postfix ikawa inatafuta wapokeaji kati ya akaunti za Linux, na barua za wateja zikarudishwa kwa "User unknown in local recipient table". Ukiuona ujumbe huo, anzia hapa.

Faili la visanduku lina anwani kamili upande wa kushoto na neno lolote kulia. Kila ukiligusa, endesha `postmap`.

3. Dovecot. Watu waingie kwa anwani nzima, si "info" tupu. Kwa toleo la 2.3 (%d ni domeni, %n ni jina lililo kabla ya @):

```
mail_location = maildir:/var/mail/vhosts/%d/%n
```

4. DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua), kila domeni na ufunguo wake. Hapa usifanye haraka. Ukisaini barua za example.org kwa ufunguo wa example.com, sahihi itakubalika kama sahihi, lakini haitalingana na domeni iliyo kwenye From, kwa hiyo haitakusaidia chochote kwenye DMARC, ukaguzi unaotaka domeni ya sahihi au ya SPF ilingane na ya From. Tengeneza ufunguo wa biti 2048 kwa kila domeni, kisha uziorodheshe katika KeyTable na SigningTable za OpenDKIM, programu inayosaini barua. Ufunguo huo hauenei katika mfuatano mmoja wa TXT, ambao mwisho wake ni herufi 255. Ugawe vipande viwili ndani ya rekodi ileile. SPF (rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeni) ni rahisi: `v=spf1 mx -all` kwa kila domeni, mradi barua hazitumwi kutoka kwingine.

5. Zuia kampuni moja kutuma kwa jina la nyingine. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ya lazima, maana bila hiyo yeyote mwenye nenosiri halali anaweza kutuma kwa anwani ya mwenzake. Kwenye mlango wa 587, ambao watumiaji hutumia kutuma barua, weka `reject_sender_login_mismatch`, pamoja na `smtpd_sender_login_maps` inayoonyesha nani anamiliki anwani ipi. Ukaguzi huu hutazama mtumaji wa bahasha tu, yaani anwani ya amri ya MAIL FROM. From inayosomwa na mpokeaji haiguswi.

6. Jaribu. Kutoka kila domeni, tuma barua kwenye akaunti ya nje, ufungue vichwa vyake na kusoma Authentication-Results. Usitosheke na `dkim=pass`; tazama pia `header.d` au `header.i` inataja domeni gani.