Kupima fitoplanktoni kwenye bahari ya barafu bila kudanganywa na tarakimu

Aliyejifunza kupima fitoplanktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini na kuishi kwa mwanga kama mimea) kwenye maji ya joto hufika Aktiki au Antaktika na mazoea mawili yatakayomponza. La kwanza ni kutafuta tabaka la juu la maji kwa kuangalia joto. La pili ni kudhani kwamba klorofili, yaani rangi ya kijani iliyo ndani yao, ikipanda bahari ni nzima, ikishuka bahari inaumwa. Mwongozo huu unaanzia chupa inaposhushwa majini na kuishia pale unapoweza kusema jambo la kweli kuhusu bahari inayobadilika. Makosa mengi hutokea katikati.

Chumvi kwanza, joto baadaye

Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi −1.8 hivi. Karibu na hapo, joto likipanda nyuzi moja, mita ya ujazo ya maji hupungua uzito kwa makumi machache tu ya gramu. Kwenye maji ya nyuzi 27, kama ya pwani yetu, nyuzi moja hiyo hiyo huondoa zaidi ya gramu 300. Chumvi nayo ikipungua gramu moja katika kila kilo, maji ya huko kwenye baridi hupungua karibu gramu 800. Basi barafu inapoyeyuka na kumwaga maji matamu juu ya bahari (kwa Kiswahili cha kawaida ni maji baridi, ila huko yote ni baridi), hujengeka kifuniko chepesi ambacho upepo hupata taabu kukivunja. Kifuniko hicho ndicho kinachoamua fitoplanktoni wakae kwenye mwanga au wazungushwe hadi gizani.

Kwa hiyo usitumie kipimo cha joto kutafuta mwisho wa tabaka la juu lililochanganyika na upepo. Chukua uzito wa maji kwenye kina cha mita 10, shuka hadi uzito uongezeke kwa gramu 30 kwa mita ya ujazo, andika kina hicho. Pale barafu inapoyeyuka kwa nguvu, tabaka lenyewe linaweza kuwa la mita 3 au 5, na kipimo kinachoanzia mita 10 kitalipita bila kuliona. Hapo angalia mchoro wa chumvi kwa macho, tafuta inapobadilika ghafla.

Kuna jambo ambalo meli haikuambii: tumbo lake na panga zake huchanganya mita za juu kabla chupa haijafunguka. Tabaka jembamba unaweza kulivuruga wewe mwenyewe kisha ukaripoti kwamba halikuwepo. Ukiweza, chukua maji ya juu kwa boti ndogo, mbali na meli, upande upepo unakotoka.

Kushusha na kupandisha CTD

Weka CTD (kifaa kinachopima chumvi, joto na kina) na chupa zake ndani ya chumba chenye joto hadi dakika ya mwisho. Sensa ya chumvi ina mrija wa kioo. Yakibaki humo maji na hewa ya nje ikawa −15, mrija hupasuka. Ukishaizamisha, iache kwenye mita 10 kwa dakika mbili au tatu ili pampu ziwake na barafu iliyoshika sensa iyeyuke. Irudishe juu, kisha shusha polepole, nusu mita kwa sekunde katika mita 100 za kwanza. Mchoro usome wakati wa kushuka. Chupa zifunge wakati wa kupanda.

Vina vinavyotosha kwa kazi nyingi ni mita 5, 10, 20, 30, 50, 75 na 100, pamoja na kimoja mahali sensa ya mng'ao (mwanga unaotolewa na klorofili) inapoonyesha kilele. Usikiache hicho cha mwisho. Kwenye Aktiki kiangazi, kilele mara nyingi kiko chini, mita 20 hadi 60, na juu virutubisho vimekwisha.

Sensa ya mng'ao ina ugonjwa wake. Jua kali likiwapiga, fitoplanktoni hujilinda kwa kutupa nishati kama joto, mng'ao hupungua, na mchoro unaonyesha kana kwamba juu hakuna kitu. Wa tropiki husubiri usiku. Desemba huko kusini usiku haufiki, kwa hiyo panga vipimo vyako saa jua liko chini kabisa. Wengi husahihisha kwa kuchukua thamani kubwa zaidi ndani ya tabaka lililochanganyika na kuipandisha hadi juu. Njia hiyo inakubalika tabaka likiwa limechanganyika kweli. Kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka inazua klorofili isiyokuwepo.

Kuchuja, ambako kazi huharibikia

Toa maji kwenye chupa za giza, ukisuuza mara tatu kwa maji yale yale. Zigeuze chupa taratibu kabla ya kumimina, kwa sababu diatomu (fitoplanktoni wenye ganda la silika) huzama upesi na nusu lita ya mwisho si sawa na ya kwanza. Fanya kazi kwenye mwanga hafifu.

Tumia chujio za GF/F (za nyuzi laini za kioo) za milimita 25. Kipimo cha maji hutegemea rangi ya chujio: simama linapopata rangi ya kahawia-kijani iliyofifia. Majira ya mchanuo, fitoplanktoni wanapoongezeka kwa ghafla, mililita 100 hadi 250 hutosha, majira ya baridi utahitaji lita 2 au zaidi. Nguvu ya kuvuta isizidi kilopaskali 20. Ukizidisha, seli hupasuka na klorofili inapita na maji.

Anayekutia majaribuni ni *Phaeocystis antarctica*, fitoplanktoni mashuhuri wa bahari ya Ross huko Antaktika. Huishi kwa makundi yaliyofungwa kwenye ute, na ute huo huziba chujio kama uji. Maji yanasimama, mkono unaenda wenyewe kwenye pampu. Usiongeze nguvu. Mwaga kilichobaki baada ya kukipima, andika kipimo halisi kilichopita, rudia kwa maji machache zaidi.

Kama swali lako ni mabadiliko ya bahari, gawanya kwa ukubwa. Jumla peke yake haitoshi. Pitisha maji kwenye chujio la mikromita 20, kisha la 2, mwisho GF/F. Kando yake chuja sampuli moja nzima bila kugawa. Jumla ya mafungu matatu ikiwa pungufu sana kuliko ile nzima, kuna seli zilizopasuka njiani. *Phaeocystis* atakusumbua hapa pia: makundi yake yakivunjika yanahesabiwa kama seli ndogo.

Kunja chujio mara moja, rangi ikiwa ndani, funga kwa foili, tumbukiza kwenye nitrojeni kioevu, kisha friza ya −80. Friza ya −20 ni ya wiki chache.

Kwa kutoa klorofili, weka chujio kwenye mrija wa kioo wenye mililita 10 za asetoni ya asilimia 90, gizani, −20, kwa saa 24. Mirija ya plastiki nyepesi huyeyuka kwenye asetoni. Iache ipate joto la chumba ikiwa bado gizani. Mrija wa baridi hushika umande nje na florometa (kifaa cha kupima mng'ao) husoma umande huo. Hesabu ni hii: asetoni ikisoma mikrogramu 45 kwa lita, zidisha kwa lita 0.010, gawa kwa lita za bahari ulizochuja, tuseme 0.5. Unapata mikrogramu 0.9 kwa lita.

Njia ya zamani ya kutia tone la asidi hidrokloriki ili kutenga klorofili iliyooza haifai Aktiki. Huko wapo *Micromonas*, viseli vya chini ya mikromita 2 vyenye klorofili b, na hiyo hufanya klorofili a, ile tunayoipima, ionekane ndogo na iliyooza ionekane nyingi. Tumia florometa yenye vichujio vya mwanga visivyohitaji asidi.

Nani yuko humo

Klorofili haina majina. Weka mililita 200 kwenye chupa ya kioo ya kahawia, tia Lugol (dawa ya iodini ya kuhifadhi seli) hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, hifadhi gizani. Ikififia baadaye, ongeza. Lugol yenye asidi huyeyusha magamba ya chokaa ya *Emiliania huxleyi*, fitoplanktoni anayechanua bahari ya Barents huko Aktiki, kwa hiyo chukua chupa ya pili yenye fomalini iliyotulizwa asidi. Kwa kuhesabu, acha mililita 50 zitulie saa 24 kwenye chemba ya Utermöhl (ambamo seli huzama hadi sakafu ya kioo), usome kwa hadubini ya kuangalia kutoka chini.

Sampuli za barafu yenyewe zina sharti moja: usiyeyushe kipande kitupu. Viumbe wanaoishi kwenye maji ya chumvi kali ndani ya barafu hupasuka wakitumbukizwa ghafla kwenye maji matamu. Kata sentimita 5 za chini, yeyusha ndani ya maji ya bahari yaliyochujwa kwa mikromita 0.2, gizani, kwenye nyuzi 4, ukikumbuka kurekebisha hesabu kwa maji uliyoongeza.

Kusoma ulichopata

Hapa ndipo barafu inayoyeyuka inapotoa majibu mawili yanayopingana. Kwenye bahari ya Aktiki naitreti, kirutubisho kikuu cha fitoplanktoni, huisha juu baada ya mchanuo wa kwanza. Kifuniko cha maji matamu kikizidi kuwa kinene, naitreti ya chini haipandi, seli kubwa hupungua na vile vidogo hushika nafasi. Hivyo ndivyo ilivyoonekana kwenye bonde la Kanada, sehemu ya kina ya bahari ya Aktiki, kati ya 2004 na 2008. Wakati huo huo uzalishaji wa Aktiki nzima, kwa hesabu za setilaiti, ulipanda asilimia 57 kati ya 1998 na 2018. Mwanzoni ni kwa sababu maji wazi yaliongezeka. Baadaye klorofili yenyewe ilipanda, dalili ya virutubisho vipya kuingia. Yote mawili ni kweli, kila moja mahali pake.

Kusini, naitreti hubaki nyingi kiangazi chote huku klorofili ikiwa ndogo. Kinachokosekana mara nyingi ni chuma. Huko barafu inayoyeyuka huleta chuma na kutuliza maji, kwa hiyo ikipotea mapema upepo huchanganya maji kwa kina na mwanga hupotea. Magharibi ya rasi ya Antaktika klorofili ilipungua upande wa kaskazini na kupanda upande wa kusini. Ukitoa wastani wa rasi nzima, umefuta habari yenyewe.

Kuthibitisha kwamba ni chuma, chukua chupa sita za polikaboneti (plastiki ngumu) zilizoloweshwa kwenye asidi, jaza maji yaliyovutwa bila kugusa waya wala chuma cha meli, tia nanomoli 1 hadi 2 za chuma kwa lita kwenye tatu kati yake. Zikae kwenye tangi linalopitisha maji ya bahari, chini ya chandarua cha kivuli. Pima siku ya 0, 3, 6 na 9, kwani kwenye baridi saa 24 hazionyeshi kitu. Zisizotiwa chuma zikikua sawa na zilizotiwa, shuku uchafu kwanza, ndipo ufikirie kwamba chuma kilikuwapo cha kutosha. Angalia tangi usiku na mchana: bomba likiganda, jua hulipasha tangi joto kwa saa chache.

Setilaiti ni msaada, ila zina upofu wake. Hesabu za kawaida hupunguza klorofili ya bahari ya kusini. Aktiki, maji ya mito yenye rangi ya majani yaliyooza huiongeza. Chini ya barafu hazioni kabisa, na Julai 2011 kwenye bahari ya Chukchi huko Aktiki mchanuo mkubwa ulikutwa chini ya barafu ya karibu mita moja.

Kwenye daftari, pamoja na tarehe andika siku ngapi zimepita tangu barafu iondoke mahali hapo. Januari 15 ya mwaka huu inaweza kuwa mwanzo wa mchanuo, ya mwaka ujao mwisho wake, na ukizilinganisha kwa kalenda utaripoti upungufu ambao ni kuchelewa kwako tu. Andika pia barafu imefunika sehemu ngapi kati ya kumi. Tumia penseli, wino huganda.